Vazi la kinyonga anayebadilika rangi: nilishone namna gani?

Mshonaji wa Usiku:
Ndugu zangu, binti yangu wa miaka 6 atakuwa mnyama katika igizo la shule, na baada ya kuwakataa simba na sungura ameng'ang'ania kuwa kinyonga, tena anayebadilika rangi mbele ya watazamaji. Nilimshonea joho la pande mbili, kijani nje na kahawia ndani, lakini kulivua, kuligeuza na kulivaa upya kunachukua muda ambao hata kinyonga mwenyewe, kwa mwendo wake ule, angekuwa ameshavuka jukwaa. Je, kuna njia nyingine?

Fundi Sindano:
Liache joho, ugeuze kifua peke yake. Kata vipande virefu vyenye upana wa sentimita 5, kila kimoja kikiwa kijani upande mmoja na kahawia upande wa pili, kisha uvishone kwenye fulana kwa wima, ukishika ukingo mmoja tu ili vilale kama kurasa za kitabu. Mtoto akipitisha kiganja kifuani, kurasa zote hugeuka. Tia kanvasi katikati ya vitambaa na upige pasi kabla ya kushona, la sivyo vitaning'inia kama matambara.

Baba Mapacha:
Naafikiana na Fundi, ila rangi pekee haimtambulishi kinyonga. Katika mguu wake wa mbele, vidole vitatu vya ndani vimeshikana na viwili vya nje vimeshikana. Kwa hiyo shona glavu yenye mifuko miwili, mmoja wa gumba, shahada na kidole cha kati, mwingine wa vidole viwili vilivyobaki. Mkia ujaze sponji kiasi, upitishe uzi upande mmoja na kuuvuta mpaka ujikunje. Waya uepuke: mimi niliutumia, ncha ikatoboa kitambaa siku yenyewe ya igizo. Tena, kwa kuwa kinyonga hubadili rangi kwa hasira au kwa joto na baridi zaidi kuliko kwa kujificha, binti ageuze kifua pale anapogombana na mwenzake.

Mshonaji wa Usiku:
Nashukuru sana. Vipande vya katikati vilikuwa vikijirudia, nikavitia utepe wa kunata. Macho nimeyafanya kwa mpira wa tenisi ya mezani uliokatwa nusu, kila nusu ikishikwa kofiani kwa kifungo cha kubana ili kila jicho lizunguke peke yake. Tatizo lililosalia ni kwamba kwa glavu zile hawezi kufungua mlango, wala hataki kuzivua.