Mume wangu anakatika pumzi akilala, eti anameza ulimi

MamaKondele: Hamjambo wadau. Mume wangu ni dereva wa matatu, Kisumu–Busia. Akilala chali hukoroma hadi watoto wanaamka, kisha kimya: kifua kinahangaika, hewa haipiti, halafu anashtuka akitweta. Mchana anasinzia hata mezani. Mama mkwe anasema anameza ulimi, niweke kijiko karibu nimzuie. Nifanye hivyo?

TabibuKakamega: Pole dada. Kijiko usimtie mdomoni, kitamvunja meno. Ulimi haumezwi, umeshikiliwa. Msuli wake mkubwa kuliko yote, jenioglosasi, unaanzia nyuma ya mfupa wa kidevu, unatanda kama pepeo ndani ya ulimi, na nyuzi za chini zinafika mfupa wa hioidi juu ya koromeo. Huo ndio unaotoa ulimi nje. Lakini kazi yake ninayoiheshimu zaidi ni hii: ukivuta hewa, unalivuta shina la ulimi mbele koo lisizibe. Neva ya 12 ya ubongo ndiyo inayouamuru. Usingizini hulegea, na kwa mwenye koo jembamba au shingo nene, ulimi hurudi nyuma ukaziba njia. Ubongo unamgutusha apumue, usiku kucha. Atapata wapi usingizi wa kutosha?

JaNyalenda: Shemeji, anakunywa? Pombe hulegeza msuli huo zaidi, dawa za usingizi pia. Mlaze ubavu.

MamaKondele: Anakunywa wikendi, na siku hizo ndizo mbaya. Kwa ubavu kelele hupungua kweli. Nimemwambia atoe ulimi, umenyooka. Basi msuli ni mzima?

TabibuKakamega: Ungepinda, ungeelekea upande uliodhoofika. Kunyooka ni dalili njema kwa neva, ila hakusemi lolote kuhusu usiku. Mrekodi kwa simu akilala, kisha mpeleke kliniki ya masikio, pua na koo pale hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga. Apimwe presha pia, maana huendana na shida hii. Wengi husaidiwa na mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa. Marekani waliidhinisha mwaka 2014 kifaa cha kupandikizwa kinachosisimua neva hiyo, ila hatuanzii huko. Kinachonitia hofu ni usukani. Asiendeshe akiwa na usingizi, amebeba roho za watu.

MamaKondele: Asante daktari. Nimemsomea haya yote, amekubali kumwachia mwenzake gari kesho twende kliniki.