Naomba ushauri: sifuri inanikwamisha kwenye njia ya Lewis Carroll ya ditaminanti

Shikamooni wakubwa, na walimu wenzangu habari za kazi.

Nasimamia klabu ya hisabati ya kidato cha nne. Vijana wanamjua mwandishi Lewis Carroll kwa hadithi ya Alisi tu, ile ya mwaka 1865. Natamani sana wamjue pia Charles Dodgson, maana ndilo jina lake halisi, mwalimu wa hisabati wa Christ Church, Oxford. Mwaka 1866 alitoa njia nzuri mno ya kutafuta ditaminanti, yaani namba moja inayokokotolewa kutokana na matriksi (jedwali la namba) ya mraba. Unachukua matriksi ya 4 kwa 4, unapata ditaminanti ya kila kipande cha 2 kwa 2 kinachopakana na mwenzake, inabaki 3 kwa 3. Unarudia, ila sasa unagawanya kwa namba za ndani (zisizo za ukingoni) za matriksi iliyotangulia, mpaka ibaki namba moja.

Kwa kuwa hatuwezi kugawanya kwa sifuri, sifuri ikiwa ndani ya matriksi ya mwanzo, nahamisha mstari wa juu kwenda chini, nageuza alama ya jibu kwa kuwa mistari ni minne, na jibu linatoka sawa. Tatizo ni pale sifuri inapozuka katikati ya ile 3 kwa 3. Nikihamisha mstari hapo, sehemu ya hesabu ubaoni inabidi ianze upya.

Je, kuna namna ya kuokoa hesabu iliyokwisha fanyika? Na mngeanza na njia hii, au na mchezo wake wa mantiki, ule wa ubao na kete nyekundu na za kijivu? Kipindi ni dakika 40.

Natanguliza shukrani.