Kipimo cha haraka cha hepesi: je, sampuli 60 zinatosha kukipitisha?

Swali

Wadau wa maabara, naomba mawazo yenu. Nimepewa kazi ya kukagua kipimo cha haraka kinachotafuta kingamwili za virusi vya hepesi simpleksi aina ya pili (HSV-2) na kutoa jibu ndani ya dakika 15. Nilichukua seramu (majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake) 30 ambazo ELISA, kipimo cha kingamwili cha maabarani, ilizisoma kuwa chanya na nyingine 30 ilizozisoma kuwa hasi. Kipimo kilikubaliana nayo katika 29 za kundi la kwanza na 27 za kundi la pili. Je, naweza kuandika kwamba unyeti wake, yaani uwezo wa kuwabaini walioambukizwa, ni asilimia 97, na umahususi, yaani uwezo wa kutowahusisha wasioambukizwa, ni asilimia 90?

Jibu la 1

Ndugu, hesabu yako ni sahihi, ila sampuli ni chache mno: kwa 27 kati ya 30, umahususi halisi unaweza kuwa popote kati ya asilimia 74 na 97 hivi, na upana huo lazima uonekane kwenye ripoti. Kinachonitia shaka zaidi ni hiyo ELISA uliyoifanya hakimu. Hata zile zinazotumia glikoprotini G, protini ya uso wa virusi ambayo ndiyo hutofautisha HSV-1 (aina ya kwanza) na HSV-2, hutoa chanya za uongo, hasa thamani inapokuwa imevuka mpaka kidogo tu. Ndiyo maana mwongozo wa CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, wa mwaka 2021 unataka chanya za namna hiyo zithibitishwe kwa kipimo cha pili, kama vile Western blot, ambayo hutenganisha protini za virusi na kuonyesha kingamwili zimeshika zipi. Hakimu akikosea, kipimo chako kitahesabiwa kosa mahali kilipopatia.

Tuchukulie hata hivyo kwamba takwimu zako ni za kweli. Ukipima watu 1,000 ambao 100 kati yao wameambukizwa, utapata chanya 97 za kweli na chanya 90 za uongo. Karibu nusu ya watakaoambiwa kwamba wana hepesi hawatakuwa nayo.

Jibu la 2

Ningependa kujua uliihesabuje mistari hafifu inayotokea kwenye kitepe cha kipimo, ambako mstari ndio jibu la chanya. Tulipokagua kipimo kama hicho, mwenzangu alisoma kitepe kimoja dakika ya 15 akaandika hasi. Mimi nilikirudia baada ya nusu saa nikaona kivuli cha rangi ya waridi, nikaandika chanya. Tangu hapo tunatumia wasomaji wawili, kila mmoja na karatasi yake, saa ya kuhesabia mezani, na hakuna anayejua jibu la ELISA kabla ya kuandika la kwake.

Jibu la 3

Mimi niko upande wa kliniki, na huwa nauliza kwanza kipimo kitatumika kwa nani. Mgonjwa akija na malengelenge mabichi, kinachofaa ni kuchukua majimaji ya kidonda na kuyapima kwa PCR, ambayo hutafuta vinasaba vya virusi vyenyewe, kwa kuwa kingamwili huchukua wiki kadhaa kujitokeza, wakati mwingine 12 au zaidi, na kitepe kinaweza kusoma hasi huku kidonda kikiwa wazi mbele yako. Vilevile hepesi ya sehemu za siri inaweza kusababishwa na HSV-1, ambayo kipimo hiki hakiitafuti kabisa. Kwa mtoto mchanga, kingamwili za IgG, aina inayopita kondo la nyuma, huenda ni za mama yake. Ripoti iseme seramu zako zilitoka kwa watu wa aina gani.

Muuliza swali

Nawashukuru. Nimerudia daftari langu: kati ya zile chanya tatu zisizotarajiwa, mbili zilikuwa na mstari hafifu, nami nilizisoma nikiwa na majibu ya ELISA mkononi. Nitapeleka seramu nne zilizotofautiana zikapimwe kwa Western blot, kisha nirekebishe takwimu.

Jibu la 1

Hapo simama kidogo, ndugu. Ukipeleka zilizotofautiana peke yake, takwimu za kipimo zitapanda au zitabaki zilivyo. Haziwezi kushuka, kwa sababu zile 56 ambazo vipimo vyote viwili huenda vilikosea pamoja hazitaguswa. Kama huwezi kugharimia zote 60, ongeza kwenye hizo nne kadhaa za zile zilizokubaliana, chanya na hasi, zikichaguliwa kwa bahati nasibu, na mpimaji wa Western blot asijue zipi ni zipi.