Fomu inafutika yote mteja akirudi nyuma, wakuu naombeni msaada

Kijana_wa_PHP:
Habari za jioni wakuu. Nimetengeneza, kwa lugha ya programu ya PHP, mfumo wa maombi ya mkopo wa saccos moja huku mkoani. Fomu ina visanduku 34: namba ya NIDA, wadhamini wawili, mpaka jina la balozi wa nyumba kumi. Mtu akimaliza anabofya Endelea, unakuja ukurasa wa kuhakiki. Akigundua kakosea tarakimu moja, anabofya kile kishale cha kurudi kwenye brauza... fomu nyeupe pee! Jana mama mmoja kajaziwa mara tatu pale steshenari, ya nne kijana kagoma mpaka aongezwe buku. Simu nikapigiwa mimi.

Ajabu, fomu ya maoni kwenye tovuti hiyohiyo haifutiki. Nimehangaika siku mbili.

Fundi Nyaya:
Ya mkopo ina session_start() pale juu, ile amri ya kuanzisha sesheni ili seva imkumbuke mtumiaji, ya maoni haina. Nadanganya?

Kijana_wa_PHP:
Mkuu umejuaje!

Fundi Nyaya:
Bonyeza F12, soma heda zinazotoka kwenye seva, yale maelekezo yanayotangulia ukurasa. Utakuta Expires ya tarehe 19 Nov 1981, chini yake Cache-Control yenye no-store. Hukuiandika wewe, PHP inaituma yenyewe ukianzisha sesheni. No-store ni kuiambia brauza isiweke nakala ya ukurasa huo popote. Mtu akirudi inabidi iuombe upya kwa seva, na seva inaleta mtupu. Juu ya session_start() weka session_cache_limiter('private_no_expire') ili brauza iruhusiwe kutunza nakala, kazi imeisha.

Bi Msimbo:
Fundi, chanzo umekipata, dawa siitaki. Hiyo fomu ina NIDA za watu na inajazwa kwenye kompyuta ya steshenari! Kwa mpangilio wa kawaida ukurasa utatunzwa dakika 180. Mteja anayefuata akibofya kurudi, anasoma mambo ya mwenzake.

Kijana, no-store iache. Akibofya Endelea, hifadhi majibu kwenye $_SESSION, ile kumbukumbu ya sesheni upande wa seva. Fomu ikifunguliwa, kila kisanduku kijazwe kutoka humo, ukipitisha kwenye htmlspecialchars() kwanza ili alama kama < zisisomwe kama msimbo. Brauza ikiomba ukurasa upya, utakuja umejaa. Maombi yakishatumwa, futa vyote. Na ukurasa wa kuhakiki uwe na kitufe cha Rekebisha, watu wasitegemee kishale.

Fundi Nyaya:
Hapo kwenye steshenari nimenyoosha mikono, dada.

mlinzi_wa_seva:
Kama kuna sehemu ya kupakia picha ya kitambulisho, hiyo haitajijaza. Brauza haikubali tovuti ichague faili kwa niaba ya mtu. Ihifadhi kwenye seva mara ya kwanza, akirudi mwoneshe kwamba ipo.

Kijana_wa_PHP:
Nimefuata ya Bi Msimbo. Nimerudi nyuma mara tano, NIDA ipo, wadhamini wapo. Ila balozi wa nyumba kumi katokea kuwa mdhamini wa pili 😂 hiyo ni mimi nimechanganya majina ya visanduku, narekebisha sasa hivi.