Naombeni ushauri: mzee wangu aliiacha fainali ya Istanbul ikiwa 3–0, nimwonyesheje yaliyofuata?

Wakuu, heshima kwenu.

Baba yangu ni Liverpool tangu enzi za redio. Tarehe 25 Mei 2005 alinipeleka banda la video, nikiwa darasa la tano, kutazama fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Liverpool na AC Milan, iliyochezwa Istanbul. Mpira ulianza saa 3:45 usiku; saa za Istanbul zilikuwa sawa na zetu. Maldini wa Milan akafunga dakika ya kwanza, hata hatujapata pa kukaa. Mwenzake Crespo akaongeza mawili kabla ya mapumziko. Mzee akakung'uta kofia yake gotini, akanishika mkono, tukarudi nyumbani kimya. Asubuhi jirani akamwambia Liverpool wamebeba kombe, akadhani anataniwa. Tangu siku hiyo hajakubali kutazama hata goli moja la mechi ile. Anasema aliwakimbia watu wake.

Mwaka jana alipata kiharusi. Maneno yanatoka kwa shida, ila mpira anaufuata vizuri, na juzi mwenyewe kaitaja Istanbul. Kwenye flashi ninayo mechi nzima, na pia makala ya televisheni kuhusu fainali hiyo. Makala ni Kiingereza kitupu, na kwa mzee hakipandi. Nianze na ipi? Na presha je?

Kigoda: Pole kwa kuuguza, mkuu. Anza na mechi. Makala hukatakata: goli moja, kisha watu wanaongea. Liverpool walirudisha yote matatu: Gerrard kwa kichwa dakika ya 54, Smicer ya 56, Alonso ya 60, penalti yake kipa wa Milan, Dida, kaipangua, Alonso kaimalizia mwenyewe. Hizo dakika sita haziguswi. Mwekee kuanzia kipindi cha pili, pale pale alipoondokea.

MamaWawili: Muulize kwanza daktari wake, kaka. Akiruhusu, iwe mchana, ameshakula na kunywa dawa. Matokeo anayajua, hiyo itamsaidia.

Nanga_ya_Bandari: Makala msiidharau. Uwanjani utamwona Hamann wa Liverpool anaingia mapumziko badala ya Finnan, lakini kwa nini Kaká wa Milan alipungua makali baada ya hapo, lazima mtu akueleze. Halafu zile mbwembwe za Dudek, kipa wa Liverpool, golini wakati wa penalti za mwisho: mwenzake Carragher ndiye aliyemkumbusha alichofanya Grobbelaar kule Roma mwaka 1984. Mzee wa redio atakuwa anamjua Grobbelaar, kipa wa Liverpool enzi hizo, Mzimbabwe. Kaa pembeni yake, simamisha, mtafsirie.

Mleta mada: Mrejesho, wakuu. Daktari aliruhusu, jana tukaanza na kipindi cha pili. Magoli matatu yote katulia, macho tu kwenye runinga. Muda wa nyongeza, Shevchenko wa Milan kapiga kichwa, Dudek kapangua. Kaurudia akiwa hatua chache tu, Dudek kautoa tena juu ya mwamba. Mzee akanishika mkono kwa ule mkono wake wenye nguvu, akasema, "Rudisha."

Nimerudisha mara nne. Makala tunaanza kesho, nitamtafsiria.