Baba yuko ICU na mashine ya kupumulia, wanamkalisha kitako kila siku. Hii ni sawa wakuu?

binti_wa_mzee
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri wa haraka maana huku familia tumeshagawanyika. Mzee wetu ana miaka 61, nimonia ilimshika ghafla, oksijeni ya puani ikawa haimtoshi akahamishiwa ICU hapa Dar na kuwekewa mrija wa mdomoni. Sasa hivi wamempunguzia dawa ya usingizi, anafumbua macho, ukimwita anageuka, ila mashine bado ndo inamsaidia kupumua. Shida ni huyu mtu wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo. Anakuja na masista wawili wanamkalisha mzee pembeni mwa kitanda miguu inaning'inia, mmoja kashika mrija mwingine mgongo, jana nipo dirishani nikaona ile namba ya oksijeni inashuka mpaka 88, mashine inapiga kelele, ndo wakamlaza ikapanda. Shangazi alilia palepale eti kaka yake anateswa, mgonjwa mahututi anatakiwa apumzike, na anataka kesho tukasaini wasimguse tena. Hii kitu ipo kweli au wanamfanyia majaribio?

kitunda_boy
Pole sana dada. Ngoja waje wataalamu.

fizio_wa_zamu
Pole dada, mi ndo kazi yangu hii. Ipo na si majaribio. Mtu akilala chali muda wote mapafu ya upande wa mgongo yanabanwa, makohozi yanatuama hukohuko. Misuli nayo inaisha haraka mno, Uingereza walipima mapaja ya wagonjwa wa ICU kwa ultrasaundi, majibu yakatoka 2013, kufika siku ya 10 msuli umepungua karibu 18%. Na ule msuli wa chini ya mbavu tunaopumulia unadhoofu mashine ikiufanyia kazi yote, ndo maana unakuta nimonia imepoa lakini kumtoa mtu kwenye mashine inakuwa vita.

Ila hatukurupuki. Kabla ya kumkalisha naangalia oksijeni anayopewa na mashine isizidi 60%, kwenye kidole isome 90 kwenda juu, pumzi zisizidi 30 kwa dakika, presha iwe imetulia. Akiwa bado kwenye usingizi wa dawa tunamgeuza na kumkunjakunja viungo tu basi. Hiyo 88, kama ilipanda baada ya kulazwa, maana yake waliona wakaacha. Ningeogopa kama wangeendelea.

mbishi_mstaarabu
Mkuu usipambe tu. Kuna utafiti mkubwa wa 2022, Australia waliuongoza, wagonjwa 750 wa kwenye mashine, nchi sita. Waliozidishiwa mazoezi, ukihesabu siku walizoishi nje ya hospitali ndani ya miezi sita hawakuwazidi wenzao, na matatizo kama moyo kuvurugika au oksijeni kushuka yakawa 9% kwao, 4% kwa wenzao. Shangazi si mjinga.

fizio_wa_zamu
Nakubali. Ila lile kundi jingine halikuachwa limelala, nao waliinuliwa kama dakika 9 kwa siku, wenzao 21. Kwa hiyo ugomvi uko kwenye kiasi. Ule wa Marekani wa 2009, wagonjwa 104, walioanza mapema 59% walitoka wanajitegemea kuoga, kuvaa, kutembea, wengine 35%. Mi nikizisoma zote mbili naanza mapema, kidogokidogo, sishindani na mtu.

mgomba_wa_juu
Mi nililazwa ICU na korona 2021, wakawa wananilaza kifudifudi. Nilipozinduka nikapewa kijiko, kikanidondoka, vidole havina nguvu kabisa. Yule fizio nilimchukia, nikisikia sauti yake nafumba macho najifanya nimelala 😂 lakini ndo aliyenitoa kitandani. Hata hivyo ngazi za nyumbani zilinichukua miezi.

sista_mstaafu
Mwanangu, msisaini kitu kwa hasira. Ombeni kuongea na daktari wa zamu huyo fizio akiwepo, shangazi naye akae hapohapo aulize mwenyewe. Ulizeni pia kama mzee anapewa dawa ya maumivu kabla ya zoezi, maana kukunja uso kule mara nyingine ni maumivu kweli na yanatibika. Na nyie msimwinue wenyewe hata kidogo, niliwahi kuona ndugu kamvuta mgonjwa mkono ili amsogeze juu ya mto, mrija ukachomoka, ilikuwa purukushani kubwa. Mkiruhusiwa mchezesheni vifundo vya miguu taratibu, mwambieni leo siku gani, kama anavaa miwani mpelekeeni.

binti_wa_mzee
Asanteni sana, shikamoo mama. Nimemsomea shangazi uzi wote, anasema huyo wa korona kamwelewa ila wataalamu bado 😅 kesho saa sita tunaingia naye. Mzee ana mrija mwingine wa shingoni wa dripu, na huo hauzuii kukaa?

fizio_wa_zamu
Hauzuii, mara nyingi ule umeshonwa kwenye ngozi. Wa kuchungwa zaidi ni wa mdomoni, una namba za sentimita pale kwenye meno. Mwambie fizio awaonyeshe namba inasoma ngapi kabla hajamkalisha na akishamlaza, shangazi akiona haijabadilika atatulia kidogo.