Naomba ushauri: huyu furukombe (tai mla samaki) ni wa umri gani?

Jambo ndugu na dada. Niko Bukavu, upande wa Nguba, karibu kabisa na maji. Kuna ndege mkubwa anayependa kutua juu ya mkaratusi mmoja asubuhi, mitumbwi ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, inaporudi. Wavuvi wanamuita tai, basi. Mimi nataka kumwandika vizuri kwenye daftari la ndege wa Ziwa Kivu ninaloliandaa na wanafunzi wangu.

Furukombe mzima namjua: kichwa, kifua na mkia vyeupe pe, tumbo la rangi ya kahawia iliyoiva, mabawa meusi. Huyu sivyo. Kichwa kina madoa ya kahawia, kifua ni cheupe lakini kimejaa michirizi, na mkia ni mweupe wenye ukanda mweusi kwenye ncha. Ngozi ya usoni ni ya kijivu, wala si ya njano.

Kwanza nilidhani ni koho, yule mla samaki anayetoka Ulaya kukwepa baridi. Lakini koho ana mstari mweusi unaopita kwenye jicho, na huyu hana. Kwa hiyo naamini ni furukombe mchanga.

Shida ni umri. Furukombe huchukua karibu miaka 5 kupata manyoya ya ukubwani. Je, wa mwaka wa pili na wa tatu mnawatofautisha kwa nini: kichwa, mkia, au chini ya mabawa? Na nimpige picha kutoka upande gani? Asubuhi jua linaniangalia usoni.

Aksanti sana.